Sura Zilizoanikwa

"Shoga, hizo karatasi unazianika zikauke nini?" jirani aliwahi kumuuliza Zuhena. Zuhena alicheka. Kila sura ya tasnifu yake ya uzamili ilikuwa na kamba yake chumbani, kurasa zimebanwa kwa vibanio vya nguo, zisije zikachanganyika. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kukabidhi chuoni.

Mumewe, Shamte, aliingia, kamba ikamkwaruza shingoni.

"Hapa ni nyumbani au kwa dobi?"

"Nivumilie mpaka kesho tu, baba Mwaka."

Shamte akachukua kisu cha jikoni, akakata kamba ya kwanza, akakata ya pili. Zuhena alipoidaka ya tatu, kisu kikampasua kiganja. Akazabwa kofi, akaangukia karatasi zake.

Bi Mkasi, mamake Shamte, aliyekuwa ukumbini, akaweka tasbihi kwenye mkeka, akaingia chumbani, akasimama kati yao.

"Haya, nichinje na mimi niliyekuzaa. Piga bismillahi."

Kisu alichokiinua Shamte kikabaki juu. Chini yake Zuhena alitambaa akiokota kurasa kwa mkono mmoja, akazipanga sura kwa sura, zenye damu na zisizo na damu. Akazikumbatia kifuani, akatoka nazo.