Bonyeza Jina Uone Uso

"Huyo mbonyeze polepole, mwalimu. Mkubwa huyo hapendi kuharakishwa," alisema mzee Sifael. Irine akabonyeza jina la Anderson, na uso wa mwanamume mnene mwenye miwani ukajaa kwenye kioo cha kompyuta. Mzee akacheka peke yake, kwa raha zake.

Krismasi ilikuwa inabisha hodi, na mji wa Same ulishaanza kujaa magari ya wanaorudi milimani. Kila siku ya gulio mzee Sifael alishuka kutoka Mbaga, akaja moja kwa moja kwenye duka la Irine la kutoa kopi, kutengeneza tovuti ya watoto wake. Irine hakuwa fundi wa tovuti. Alichokijua ni Word, basi akamfundisha hiyohiyo: andika jina, weka picha, unganisha jina na picha yake, kisha sevu kama ukurasa wa tovuti. Wataalamu wangecheka mpaka wakae chini. Lakini mzee alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mkono wake ulizoea kazi za taratibu, na kazi ikaenda.

Picha ambazo mzee hakuwa nazo, Irine alizitafuta mwenyewe, wala kuzipata hakukumsumbua.

Kilichomsumbua ni uongo. Siku ukurasa wa kwanza ulipofunguka, mzee aliuliza, "Ndiyo tayari ipo?" Irine akajibu, "Ipo, mzee." Haikuwepo popote ila ndani ya kompyuta ile chakavu. Kuipandisha mtandaoni ni kazi nyingine, ambayo hata yeye hakuijua. Ila ungemwona mzee wa watu alivyovua kofia na kuuinamia ule uso kwenye kioo, hata wewe ungedanganya. Tangu hapo dhamiri ilimsuta. Tena kulikuwa na jingine lililomchoma moyo kila alipoyatazama yale majina, lakini hilo alilimeza.

"Tumalize kabla hawajafika," mzee alisema. "Siku ya pili ya Krismasi nasimama mbele yao."

Irine alilijua jambo hilo. Kwa mzee Sifael, chakula cha siku hiyo hakiguswi mpaka awaombee watoto wake mmoja mmoja, mkono kichwani, kwa jina. Asiyetajwa anauanza mwaka mtupu. Hayo hayakufundishwa kanisani, lakini pale nyumbani hakuna aliyethubutu kuyapuuza.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Leshan, kijana wa chuo kutoka kule tambarare, aliyekuja kuchapa ripoti yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Leshan akachungulia kioo. "Mbona hii haipo mtandaoni? Imeseviwa humu ndani tu, babu. Hao watoto wako hawawezi kuiona."

Irine alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee aligeuka taratibu. "Hawawezi? Hata Anderson?"

"Hata mmoja."

"Afadhali," mzee alisema, akashusha pumzi. "Sikutaka waione."

Alimsubiri Leshan achukue karatasi zake na kuondoka. Ndipo akasogeza kiti karibu na Irine.

"Ni yangu mwenyewe, mwalimu. Majina yananikimbia. Ndiyo maana nakuja kila gulio, nabonyeza, natazama uso, nakariri. Mwaka jana nilimruka mmoja. Watu wakacheka, wakadhani ni utani wangu. Yeye alicheka kuliko wote, halafu mama yake akamkuta jikoni analia."

Irine akageuza macho kwenye kioo. "Pengine alishasahau, mzee."

"Mtoto hasahau kitu kama hicho." Mzee akakohoa kidogo. "Ndiye huyo nimembakiza mwisho, nimtengeneze vizuri kuliko wenzake. Nikimruka tena, nitakufa na aibu hiyo."

"Sasa tumwandike nani?" Irine aliuliza kwa shida.

"Ndilo tatizo. Ni kitinda mimba wangu, huyo tulimpenda mno, lakini jina limekataa kabisa kuja, na picha yake sina. Mke wangu Dorkas naona haya kumuuliza, atajua nimefika wapi." Akamshika Irine mkono kwa heshima, kama mtu anayeomba msaada kwa mgeni. "Wewe unawajua watu wa mji huu. Ana duka la kutoa kopi hapahapa Same, mtoto mpole kama wewe. Ukikutana naye, mwalimu, niombee picha moja tu."

"Nitamwomba," alisema Irine.

Akajifuta macho kwa kiganja, akainua simu, akajitahidi kutabasamu, akajipiga picha.