Seva ya Mvunguni

"Ni mimi nimeizima," Kagwe alisema, macho yakiwa kwenye kompyuta, si kwa mkewe.

Nasike aliweka kikombe chini. "Umeizima aje?"

"Nilikuwa naiwekea mfumo mpya wa Linux. Ikamaliza, halafu ikazima. Sasa naiita, haiitiki."

Seva yenyewe haikuwa hapo Tuwan, Kitale, ambapo chai ya Jumamosi ilikuwa ikipoa mezani. Ilikuwa Chwele, upande wa Bungoma, mvunguni mwa kitanda cha mamake Nasike. Kompyuta ndogo tu, lakini ndiyo iliyogawa Wi-Fi kwa nusu ya soko, na ndiyo iliyomnunulia yule mjane sukari na dawa za magoti. Chumba chake cha kulala ndicho pekee chenye vyuma dirishani, kwa hivyo mtambo ukalazwa huko, salama salimini.

Kila fundi anajua kwamba mashine ya mbali haichezewi ovyo. Ikizima, huna mkono mrefu wa kwenda kuiwasha. Kagwe aliyajua hayo kuliko wengi, na ndiyo maana uso ulikuwa umemshuka.

Simu zilianza. Mwalimu Wepukhulu alitaka kutuma alama za wanafunzi. Mwenye duka la dawa alikuwa amekwama na oda yake. Kagwe aliwaomba radhi mmoja mmoja, na kila radhi ilimchoma, maana watu hawa hawakuwa wamemkosea lolote. Mwishowe akampigia mama mkwe, akaweka simu kwa spika.

"Mama, hiyo mashine iko na taa?"

"Hakuna taa, Baba Emmy. Imekufa kabisa. Na mimi na haya magoti siwezi kuinama huko chini."

"Mwambie si aite jirani," Nasike alinong'ona.

"Jirani aingie kwa chumba changu ati kufanya nini?" mama alijibu. Magoti yalikuwa mabovu, masikio hayakuwa na neno.

Kagwe alikata simu. "Inataka mtu aiunganishe na skrini, aandike neno la siri. Ningeenda mwenyewe, lakini unajua."

Nasike alijua. Kwa Wabukusu mkwe wa kiume hata mkono hampi mama mkwe, sembuse kutambaa chini ya kitanda chake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema mkwe afanye nini. Alibaki binti, na binti alikuwa mmoja tu.

Shida ni kwamba Nasike hakuwa amekanyaga kwao tangu mazishi ya babake. Siku hiyo, mbele ya waombolezaji, mama alimwambia: "Wewe ulimuuguza baba yako kwa simu." Neno likishatoka halirudi. Basi Nasike akaamua kila kitu kitaenda kwa simu kweli: pesa, salamu za Krismasi, picha za mtoto wao Emmy akikua. Mama alipokea, hakusema kitu. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na Kagwe alikuwa amechoka kuwatazama.

"Siendi," Nasike alisema.

"Kosa ni langu, si lako wala la mama. Lakini ikikaa hivyo wateja watahama, na yeye anakula hapo."

Nasike aliinuka. Kisha akaenda kutafuta viatu.

Walishika njia ya Kimilili hadi Chwele. Kagwe aliendesha gari polepole. Aliviona vidole vya mkewe vilivyoubana mfuko wenye skrini, na mara mbili nusura ageuze gari.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alimsalimu Kagwe kwa mbali, akamwonyesha kiti uani. Kwa binti yake alisema tu, "Iko kule kule."

Kagwe alikaa, masikio dirishani. Alisikia magoti ya Nasike yakigusa sakafu na kitanda kikisukumwa kidogo. Halafu akasikia mlio mfupi wa mashine ikiamka.

"Baba Emmy!" Nasike aliita. "Imewaka tu! Nimebonyeza kitufe, basi. Skrini hata sijaitoa kwa mfuko."

"Wakati mwingine hufanya hivyo," Kagwe alijibu, akivitazama viatu vyake.

Hakuna aliyetoka. Badala yake ilisikika sauti ya mama, ya chini: "Umekonda, mwanangu. Usiinuke kwanza. Nilikukosea." Kisha kilio. Cha nani, Kagwe hakujua. Pengine cha wote wawili.

Nje, Mwalimu Wepukhulu alipita njiani akiinua simu juu kwa furaha. Alama zilikuwa zimeenda. Kagwe alimpungia mkono, lakini aibu haikumtoka.

Walitoka jioni, macho mekundu, Nasike amejifunga leso ya mamake na kubeba kuku aliyefungwa miguu.

"Siku nyingine usiguse hiyo mashine bila kuniambia," alimwambia Kagwe garini, ila bila ukali. "Ungemwagia Mayi wangu unga wake, bana."

"Nisamehe," Kagwe alisema, na hakuwahi kulimaanisha neno hilo namna ile.

Kimilili waliposimama, Nasike alishuka kununua ndizi, akitembea huku anaimba wimbo wa kwaya. Simu ya Kagwe ililia. Ulikuwa ujumbe wa mama mkwe.

"Asante Baba Emmy. Watu wamenitukana mchana kutwa lakini si kitu. Mwezi ujao uizime tena."