Mfuko wa Sketi

Spana alimfuata yule mtoto kwa sababu ya mfuko wa sketi yake.

Sketi yenyewe ilikuwa ya shule, ya buluu, kama za wenzake wote waliokuwa wakitoka darasani. Ila pembe za mfuko zilipigwa mshono wa msalaba, uzi mara mbili, usifumuke hata mtoto akiujaza mawe. Spana aliujua mkono ule. Ovaroli aliyovaa, iliyochakaa kwa mafuta ya injini, ilikuwa na mifuko iliyoshonwa vivyo hivyo.

Meli yao ilikuwa imefika asubuhi, kwenye kisiwa ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukikanyaga. Wenzake walikimbilia kivuli na vinywaji baridi. Spana, kama kawaida yake katika kila bandari, aliingia mitaani kutafuta vibanda vya cherehani.

"Saa kumi tunafungua kamba," mkuu wa mitambo alimkumbusha ngazini. "Ukichelewa, kisiwa ni chako."

Mtoto alikata kona. Spana naye akakata kona. Atamwambia nini? Mara ya mwisho kumwona, mtoto alikuwa hajang'oka hata jino moja la utoto. Sasa alikuwa amerefuka, anatembea upesi upesi kama aliyeonywa asisimame njiani.

"We kaka! Wewe wa meli!"

Muuza mboga mmoja alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, kisu mkononi.

"Mtoto wa watu unamfuatia nini?"

Wapita njia wawili watatu waligeuka. Spana alisimama, naye akageuka taratibu, mikono ikiwa wazi. Mama muuza mboga akachungulia chini ya ukingo wa kofia. Akatazama, akatazama tena. Kisu kikashuka mezani.

"Samahani, mwanangu. Kwa nyuma nilidhani mtu mwingine."

"Si neno, shangazi. Mtoto yule namfahamu."

"Umfahamie wapi, na nyie mmeshuka leo? Watu wa meli nawajua mimi, mnazaa kila bandari."

"Mimi nimezaa mara moja tu," alisema Spana. "Na niliyemzaa ndiye yule."

Muuza mboga alimtazama mtoto aliyekuwa akiishilia mbele, akaurudia uso wa mgeni wake.

"Ndiyo maana, pua ni ile ile," akasema kwa sauti ya chini. "Wanakaa mwisho wa uchochoro huu, lango la kijani. Ni mtoto wa fundi cherehani. Lakini fundi alitusimulia habari nyingine kabisa."

"Habari gani?"

"Nenda tu, mwanangu. Hayo si ya kuyasema mimi."

Spana alikwenda, miguu mizito kama ya mtu anayetembea ndani ya maji.

Zamani ugomvi wa Spana na fundi nyumbani ulikuwa mmoja tu. Chagua, mwenzake alikuwa akisema, bahari au nyumba. Spana alikuwa akicheka. Aliyaona ni maneno ya hasira yatakayokwisha asubuhi, kwani ni bahari iliyolipa kodi ya nyumba na kununua hiyo cherehani. Mpaka aliporudi kutoka safari ndefu, akakuta chumba kitupu, hata misumari ya pazia imeng'olewa. Jirani alijua kitu kimoja tu: walipanda boti ya visiwani, na cherehani wakaibeba. Miaka mitatu sasa, Spana hakukubali kazi kwenye meli yoyote isiyopita visiwani.

Lango la kijani lilikuwa limefungwa kwa ndani. Aliweka jicho kwenye ufa wa mbao. Aliona uwanja mdogo uliofagiliwa, bomba la maji, ndoo mbili, nguo zikining'inia kwenye kamba. Kisha akasikia. Cherehani ilikwenda, ikasita, ikaenda tena. Kwa mdundo ule alikuwa akipata usingizi miaka yote waliyoishi pamoja.

Alikuwa na maneno yake, aliyoyapanga chini kule kwenye joto la injini, mengine hayafai kusikiwa na mtoto. Yote yalimkauka. Akigonga, atafungua fundi. Akiita, mtaa mzima utajaa hapa, na kesho fundi na mtoto watakuwa wamehamia kisiwa kingine, pengine kisichofikiwa na meli yoyote. Na mtoto je, kama amemsahau? Akipiga kelele?

Kutoka bandarini ikasikika honi. Ya kwanza, ya kuwaita mabaharia melini.

Mtoto alikuwa ametoka ndani kunawa mikono. Kwa ile honi aliinua kichwa, akatazama upande wa bahari, kisha langoni. Akaliona jicho kwenye ufa.

Hakupiga kelele. Alifunga bomba, akaja hatua kwa hatua, akijifuta mikono kwenye sketi. Spana alivua kofia na kurudi nyuma kidogo, mwanga umpate usoni. Walitazamana kupitia ule ufa mwembamba.

Ndani, cherehani ikanyamaza. Kiti kikaburutwa.

Mtoto alitupa jicho nyuma yake, akashika komeo kwa mikono miwili, akalivuta polepole lisilie.

"Baba alisema ulizama," alinong'ona. "Mimi sikumwamini, mama."