Moyo Uliotulia

Siku hizi nahodha hapimwi baharini. Anakaa kitini, anavishwa bangili, anaonyeshwa dhoruba kwenye skrini. Moyo ukitulia, anapewa cheti, yeye na chombo chake kwa pamoja.

Bi Mize, aliyeongoza vyombo hadi Ngazija miaka thelathini, alifeli. Mawimbi yalipopanda, moyo wake ulienda mbio. Mkwewe Shaame, muuza simu, alipata mia kwa mia. Alisinzia!

"Anayesinzia kwenye dhoruba ndiye nahodha?" Bi Mize alifoka gatini, kando ya chombo cha Shaame. "Na mwanangu mumpakie humo?"

"Mama, usituaibishe," Shaame alisema. "Mashine imeshapima."

Bi Mize akachomoa kisu, kama alivyopima mbao kabla ya kila safari, akakidunga kwenye ubao wa chombo uliopakwa rangi mpya. Kikazama hadi mpini, kama kwenye papai bivu.

"Riziki! Umeona?"

Binti yake, aliyekwisha kukaa ndani, aliona. Taa ya bangili yake ya abiria ikageuka nyekundu. Abiria mmoja akiwa na taa nyekundu, nahodha hunyang'anywa cheti.

Riziki akamtazama mumewe. Akafumba macho, akavuta pumzi polepole, mpaka taa ikarudi kijani.

"Nimetulia, mama," akasema.