Mkeka Uliotolewa Msikitini

"Bi Mwanashee, tumeletewa mazulia," alisema mtunza msikiti bila kumtazama. "Mikeka basi tena. Ule wako wa zamani nimeuweka nyuma, kando ya jaa."

Bi Mwanashee aliapa moyoni kuwa hasuki tena. Akajitwika mkeka mpya aliokuja nao, akazunguka nyuma, akaukunjua ule wa zamani. Rangi alizohangaika kuzipanga zilikuwa zimefifia zote. Lakini mahali pa magoti palikuwa pamelika, na mbele, mahali pa paji la uso, ukindu uling'aa kama uliopakwa mafuta.

Nani alisujudu hapa miaka yote hii?

Akaubeba na huo. Nyumbani hakuwa na wa kumsimulia. Aliroweka ukindu mpya, akaukung'uta mkeka mkuukuu, akautandika, akapiga magoti palepale palipolika, akasujudu.

Paji lake halikufika palipong'aa. Mtu yule alikuwa mrefu kuliko yeye.