Gari Jeusi la Chago

Eliut aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Lilikuwa la moto.

"Chago, tulikubaliana usiliwashe mpaka nifike."

"Nililisogeza kivulini tu, kaka. Au ulitaka nikuachie likaangwe na jua la Moca?"

Eliut hakucheka. Gari likiwashwa baridi ndipo linaposema kweli: moshi wake, mlio wa cheni, kikohozi. Likishapashwa moto, linasema atakalo mwenyewe. Na hili lilikuwa na mengi ya kusema, kwa maana lilikuwa limekimbia maili laki moja na themanini elfu. Lakini lilikuwa BMW ya milango minne yenye injini ya mbio, jeusi tititi, na Eliut alilitamani gari la namna hiyo tangu ana ndevu tatu. Pikapu yake alikwisha kuiuza. Lililobaki ni neno moja tu la baba yake.

Mzee Efraín alikuwa fundi bodi. Moca nzima ilijua kwamba gari lililopondeka likipita mikononi mwake, hata aliyeliunda kiwandani haoni tena palipoumia. Alikuwa na desturi yake: kabla ya kufunika kazi, gundi ya kuzibia maungio ikiwa bado mbichi, aliikandamiza kwa dole gumba mara tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wateja walimtania kwamba magari yao yanatembea yamebatizwa. Dole lenyewe lilipasuliwa na msumeno zamani, likabaki na mkato wa mshazari.

Njia nzima mzee alikuwa akipiga soga, akimumunya matunda ya kenepa na kutema kokwa dirishani. Walipoingia uani kwa Chago, akanyamaza. Hakuuliza habari za oili wala za gia.

"Kabla yako lilikuwa la nani?"

"La mjane mmoja wa Aguada. Mumewe alikuwa wakili. Mimi nimekwenda nalo San Juan kila siku ya Mungu, mzee wangu, na halijanilaza njiani hata mara moja."

Mzee alimgeukia mwanawe. "Hili silo. Twende zetu."

"Baba! Hata hujaligusa."

"Nimeliona, yatosha. Litakufilisi."

"Aa, mzee wangu, usinivunjie soko," Chago alisema, nusu akicheka.

Eliut alikasirika. Huo ubahili wa baba yake aliujua, hata soda alikuwa akiinunua kwa kulalamika. Akavua shati, akaendelea na kazi. Alichomoa kijiti cha oili, akanusa. Alitazama rejeta, akaminya mipira ya maji, akapapasa tairi kuona kama zimelika upande. Gari lilikuwa zima kuliko umri wake. Akatoa sumaku aliyoifunga kwa kitambaa, akaipitisha juu ya bodi. Ilishika kila mahali, mpaka ilipofika kwenye madigadi ya mbele kulia. Hapo ikateleza, ikaanguka. Chini ya rangi palikuwa na puti ya kuzibia, si bati.

Kona hiyo ya kulia ndiyo aliyoitazama kwenye kila gari, la kununua na la kupita tu, kwa miaka kumi na miwili. Mdogo wake, Jomar, aligongwa kwa nyuma akiwa juu ya baiskeli, barabara ya Aguada, na aliyemgonga hakusimama. Kwenye fremu ya baiskeli ilibaki rangi ya gari hilo, manjano makali. Gari likatafutwa, watafutaji wakachoka. Mama aliitundika baiskeli ile sebuleni, kwa kuwa mzee hakutaka iingie karakana yake. Hata kwenye matanga hakukaa. Siku zote tisa za rozari alijifungia kazini, nyundo ikasikika ikigonga katikati ya Salamu Maria. "Mwacheni," wanawake walisema, "kila mtu na kilio chake." Mwaka uleule karakana ilipata paa jipya na chumba cha kupulizia rangi, na mama akasema Mungu hamtupi mja wake.

"Hapa liligonga nini?" Eliut aliuliza.

"Ng'ombe, ndivyo nilivyoambiwa. Lakini hebu itazame kazi hiyo! Aliyeifanya hakuwa fundi wa kubahatisha."

"Eliut!" Mzee alikuwa amekwisha kufika getini. "Mama yako anatungoja na chakula."

Eliut aligeuza gurudumu upande, akalala chali, akafungua ile plastiki inayoziba ndani ya madigadi, akamulika tochi. Pembeni, ambapo rangi nyeusi haikufika, palikuwa na manjano. Ni manjano yaleyale aliyoyaona kila asubuhi akinywa kahawa sebuleni kwa mama yake. Machozi yakamtoka bila kuombwa.

"Baba!" alipiga kelele. "Baba, njoo! Ndilo hili! Tumelipata!"

Chago aliinama, akauliza kuna nini jamani. Eliut alifuata kwa tochi ungio lililochomelewa, apate kuona jeraha lote lilivyokuwa. Gundi juu yake ilikuwa imekauka siku nyingi. Ilikuwa na alama tatu za dole gumba, na kila moja ilipitiwa na mkato wa mshazari.

Viatu vya baba yake vilikuja vikasimama kando ya gurudumu.

"Usimwambie mama yako," alisema.