Chini ya Mlima wa Kokoto

Kwenye kompyuta ya Tunu, mhandisi wa miamba, mlima ulikuwa chembe elfu sitini za kijivu. Kila alipoziongezea maji ya mvua, chembe zilimomonyoka na kufunika machimbo yaliyokuwa chini yake. Alirudia mara saba. Ya nane hakuingoja, akatoka mbio.

Machimboni wanawake wapatao ishirini walikuwa wakigonga kokoto. Msimamizi wao, Bi Nyamizi, alimsikiliza huku akigonga.

"Mwanangu, mlima huu mama yangu aliukuta. Hiyo mashine yako imewahi kuugusa?"

"Haijaugusa, mama. Lakini mvua ya jana imeugusa."

"Haya, utaanguka lini?"

"Sijui. Huenda leo. Huenda usianguke kabisa."

Wanawake wakacheka, nyundo zikaendelea.

Tunu akavuta jiwe, akaketi katikati yao, mlima ukiwa mgongoni kwake. Alijaribu kutulia, asiweze. Kila kijiwe kilipodondoka aligutuka na kugeuka kuutazama mlima. Bi Nyamizi alimtazama kwa muda, kisha akaweka nyundo chini.

"Huyu anaogopa kweli," akawaambia wenzake. "Inukeni."

Walivuka barabara wakasimama upande wa pili, karai mikononi. Hakuna aliyeketi. Mlima ulikuwa kimya, ukifuka mvuke juani, na Tunu hakujua aombe uanguke au usimame.